Jozi ya Arobaini na Saba

Mkonga wetu ulipita chini ya maji kutoka Unguja,
ukapanda Mkoani, ukafuata barabara ya Chake
kwa nguzo elfu moja na kumi na mbili
(moja imeliwa na mchwa, nimeiandikia ripoti)
hadi Wete.
Hapo ukasimama.
Haukuchoka. Ulifika mlangoni kwa mtu.

Mita mia mbili zilizobaki si zetu.
Ni shaba ya kampuni kongwe, jozi kwa jozi,
imelala chini ya vichochoro vya Limbani,
chini ya misingi, chini ya sakafu za kuanikia karafuu.
Meneja wetu Mbarouk alipiga hesabu ya kuchimba upya
nyuma ya risiti ya mafuta:
kila nyumba, bei ya ng'ombe.
Akaikunja risiti, akaitia mfukoni.

Basi tukaenda kuomba.
Barua ya kwanza ilijibiwa kwa barua.
Ya pili kwa ukimya.
Ya tatu tulimpa nakala mdhibiti,
na ghafla pakawa na chai.

Shaame, mwenye ufunguo wa kabati la kijivu,
hakuinywa yake.
"Mtaro tumechimba sisi. Mvua imetupiga sisi.
Leo mnakuja na vidole vikavu?"
Na hakukosea.

Nikamwambia: Yakhe, wewe ni mtu wa Konde.
Kwenu ardhi ni ya huyu na mikarafuu ni ya yule.
Babu yako alichuma kwenye shamba
ambalo hakumiliki hata shubiri ya udongo,
na mwenye udongo akalima muhogo wake chini,
wakaamkiana asubuhi.
Waya ni udongo, Shaame. Sauti ndiyo mti.
Niachie nipande, nikulipe kila mwezi.

Akacheka kwa pua.
"Na ukioza, usiku ataitwa nani?"
Tulikuwa na kifungu juu ya hilo.
Kifungu kilisema: yeye.

Tulipewa rafu moja katika chumba chao cha mitambo,
upana wa msala,
kodi kama ya duka la mbele ya soko.
Feni yao inapuliza upande wao tu.

Jumanne akalifungua kabati.
Nyaya zimesokotwa mbili mbili kama ukili:
buluu na nyeupe, chungwa na nyeupe,
nyingine rangi zimekufa, unazijua kwa kupapasa.
Jozi ya arobaini na saba: Bi Mkasi,
mshonaji wa kofia za viua,
ana wateja Maskati wanaotaka kuona kiua kabla ya bei.
Nikashika koleo.
Shaame akanishika mkono.

Kiungo kilikuwa cha kitambaa cha kanga na nta,
kimefungwa fundo dogo, kwa mkono wa kushoto.
"Hiki cha Kombo Asaa," akasema. "Mumewe. Ndiye aliyenifundisha."
Akavua saa. Akakata chini ya fundo, si juu yake,
akauunga mwenyewe kwenye mtambo wetu,
mshindani, amepiga magoti mavumbini,
huku simu ya Bi Mkasi imekufa kwa dakika kumi na moja.

Tulipokwenda kumjaribia laini
alituacha barazani, sindano mdomoni,
akamaliza kiua kimoja ndipo akatujibu wote wawili:

Waya kauzika mume, na nyinyi mwagombania,
Namba yangu isihame, wanangu waitumia,
Nikipiga isikwame, maji yakiuingia,
Na ankara iwe moja, mbili sitawalipia.

Shaame alinitazama. Nilimtazama Shaame.
Hilo la ankara halikuwa kwenye kifungu chochote.

Jioni alilifunga kabati, akaondoka na ufunguo wake.
Kesho ni jozi ya arobaini na nane.
Nimeshaandika barua.